Nani hupanga odi, na kwa nini hubadilika kabla ya mechi?

Ijumaa usiku kijana anaweka mkeka, tiketi yake ya kubashiri mechi za mpira. Timu ya nyumbani aliyoichagua ina odi 2.10. Jumamosi mchana mwenzake anafungua simu, anaitafuta mechi ileile kwenye kampuni ileile, anakuta 1.80. Ubishi unaanza papo hapo kijiweni. Mmoja anasema kampuni imeshajua matokeo. Mwingine anasema mechi imeuzwa, ndiyo maana odi imeporomoka. Wa tatu anaapa kwamba "Mhindi", yaani mwenye kampuni, kaona watu wengi wanaelekea kushinda, kaamua kuwaminya.

Ubishi huu nimeusikia mara nyingi, na kinachoniuma ni kwamba wanaobishana wana akili nzuri sana ya bei. Muuza genge anajua kwa nini nyanya za saa kumi na mbili asubuhi haziuzwi kama zile zilizobaki magharibi. Bodaboda anajua nauli ya mvua si nauli ya jua. Lakini wakifika kwenye odi, maarifa hayo wanayaweka kando na kuanza kuzungumzia siri na njama. Odi ni bei kama bei nyingine. Inapangwa na mtu anayetaka faida, kwa kukisia, na inapanda na kushuka kwa sababu zinazoeleweka.

Tuanze na maneno yenyewe, maana hata hapo watu hupishana. Dau ni pesa unayoweka. Odi ni namba ambayo dau lako litazidishwa nayo ukipatia. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye odi 2.10 na ukapatia, unapokea 2,100, na ndani yake imo ile 1,000 yako. Faida ni 1,100, kabla kodi haijagusa chochote. Mkeka ni tiketi yako, yenye mechi moja au ishirini, na zikiwa nyingi odi zake huzidishwa zenyewe kwa zenyewe. Kwenye orodha, 1 ni ushindi wa mwenyeji, X ni sare, 2 ni ushindi wa mgeni.

Na bei hiyo ni ya dakika 90 pamoja na zile za majeruhi, isipokuwa pale kampuni ilipoandika vinginevyo. Fainali ya Kombe la Dunia ya Desemba 18, 2022 iliwaliza wengi kwa jambo hili. Argentina walibeba kombe, lakini dakika 90 ziliisha 2-2 na Ufaransa, halafu 3-3 baada ya muda wa nyongeza, ndipo zikaja penalti. Aliyebeti 1X2 kwamba Argentina watashinda alipoteza, kwa sababu alichonunua kilikwisha kwa sare. Aliyebeti "Argentina kutwaa kombe" alilipwa. Ni bidhaa mbili tofauti, zenye bei mbili tofauti.

Hesabu ya sarafu

Chukua sarafu ya kawaida. Ukiirusha, kichwa ni nusu na mwenge ni nusu. Odi ya haki kwa kila upande ni 2.00. Mkicheza hivyo mwaka mzima wewe na jirani yako, hakuna atakayetajirika kwa mwingine isipokuwa kwa bahati tu.

Sasa jirani anataka kuifanya biashara. Hawezi kutoa 2.00, maana hatabaki na kitu. Anatoa 1.90 kwa kila upande. Mtu wa kwanza anaweka 10,000 kwenye kichwa, wa pili anaweka 10,000 kwenye mwenge. Jirani amekusanya 20,000. Sarafu ikianguka upande wowote, anamlipa mshindi 19,000 na kubaki na 1,000. Hajatabiri kitu. Hajui sarafu itaangukaje na wala hana haja ya kujua. Ameweka cha juu, kama dalali anavyoweka cha juu kwenye kiwanja.

Kipo kipimo kidogo cha kukiona hicho cha juu, na kikokotoo cha simu kinatosha. Gawanya 100 kwa kila odi, kisha jumlisha. Kwa sarafu ya haki, 100 kwa 2.00 ni 50, na 50 tena, jumla 100. Kwa sarafu ya jirani, 100 kwa 1.90 ni 52.6, mara mbili ni 105.2. Ile 5.2 iliyozidi juu ya 100 ndiyo alama ya biashara. Namba hii ikikua, wewe unalipwa kidogo zaidi kwa hatari ileile.

Kutoka sarafu hadi mechi

Ugumu wa mpira ni kwamba hakuna aliyekupa mapema uwezekano wa kila upande. Lazima ukisiwe. Hapa ndipo kazi ya wapangaji wa odi inapoanza, na ni kazi ya takwimu kuliko ya ufundi wa kandanda.

Wanaanza na magoli, si na ushindi. Wanajiuliza: timu hii ikicheza nyumbani dhidi ya ile, kwa wastani itafunga magoli mangapi? Wanaangalia mabao ya kufunga na kufungwa katika mechi zilizopita, wakizipa uzito zaidi zile za karibuni. Wanaangalia ubora wa nafasi zilizotengenezwa, maana timu inaweza kushinda 1-0 kwa bahati baada ya kushambuliwa dakika themanini. Wanaongeza faida ya uwanja wa nyumbani, uchovu wa safari, na mechi ya kombe inayokuja katikati ya wiki.

Tuseme wamefikia wastani wa magoli 1.6 kwa mwenyeji na 1.1 kwa mgeni. Hakuna timu inayofunga goli moja na sita ya kumi, bila shaka. Namba hiyo inaingizwa kwenye kanuni ya Mfaransa Siméon Denis Poisson wa karne ya 19, inayosaidia kuhesabu matukio machache yanayotokea bila ratiba, kama simu zinazoingia ofisini kwa saa moja. Kanuni inakupa uwezekano wa mwenyeji kufunga sifuri, moja, mbili, tatu na kuendelea, unafanya hivyo kwa mgeni pia, kisha unavizidisha. Matokeo ya 1-1 kwenye mfano wetu yanapata asilimia 12 hivi. Ukijumlisha matokeo yote ya mwenyeji kushinda unapata asilimia 49, sare 25, mgeni 26. Ova 2.5, yaani magoli matatu na zaidi, inapata karibu asilimia 51. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uingereza, Mark Dixon na Stuart Coles, walionyesha jinsi ya kuirekebisha njia hii, kwa sababu matokeo ya magoli machache kama 0-0 na 1-1 hayatokei sawasawa na kanuni ghafi inavyodai. Mifumo ya leo ni mikubwa zaidi, lakini mzizi ni huohuo.

Kwa hiyo kutoka kwenye namba mbili tu za wastani wa magoli, kompyuta inatoa bei za masoko mengi kwa wakati mmoja: 1X2, ova na anda (magoli zaidi au pungufu ya idadi fulani), GG (timu zote mbili kufunga), matokeo kamili. Ndiyo sababu mechi moja inakuwa na mamia ya machaguo na bado hayapingani.

Nani anafanya yote haya? Jina la kijiweni, "Mhindi", linatupa picha ya tajiri mmoja aliyekaa ofisini akiutazama mkeka wako. Picha hiyo inawaonea Wahindi bure, na pia inaficha ukweli wa mambo. Kampuni nyingi za kubashiri hununua odi na takwimu kutoka kwa wasambazaji wakubwa, kama Sportradar ya Uswisi na Genius Sports ya London, halafu kila moja inaongeza marekebisho yake. Ndiyo maana ukifungua kampuni tatu unakuta namba zinazofanana kama ndugu. Mkeka wako wa shilingi 500 hakuna mtu anayeutazama. Programu imeupokea, imekagua kiwango cha dau, basi.

Cha juu kinapojificha kwenye mechi

Turudi kwenye asilimia zetu: 49, 25, 26. Odi za haki zingekuwa 2.04, 4.00 na 3.85. Lakini kwenye simu utaziona kama 1.90, 3.75 na 3.55. Fanya kile kipimo: 100 kwa 1.90 ni 52.6, kwa 3.75 ni 26.7; kwa 3.55 ni 28.2. Jumla 107.5. Maana yake, kwa kila shilingi 100 inayowekwa kwenye mechi kama hii, kwa muda mrefu takriban 93 zinarudi kwa wachezaji na 7 zinabaki.

Saba katika mia inaonekana ndogo. Tatizo ni mkeka. Odi zinapozidishwa, cha juu nacho kinazidishwa. Tuchukulie umeweka mechi kumi, kila moja odi 1.30, zile ambazo watu huziita za uhakika. Odi ya jumla ni 13.79 hivi, kwa hiyo 1,000 inaahidi karibu 13,800. Lakini odi 1.30 yenye cha juu kilekile ina uwezekano halisi wa asilimia 71 au 72, na mechi kumi zote kutiki kwa pamoja hutokea mara tatu au nne tu katika mikeka mia. Ukipiga hesabu yote, ile 93 katika mia imekuwa 48. Zaidi ya nusu ya pesa ya mkeka huo, kwa wastani, inabaki kwa kampuni.

Hili ningependa kila anayeweka mikeka mirefu alijue kabla ya jambo jingine lolote. Watu husema "timu moja tu imenichania mkeka" kana kwamba ni mkosi. Mechi kumi za asilimia 71 zimetengenezwa hivyo: mara nyingi itakosekana moja au mbili au tatu. Bonasi za mikeka mirefu zinazotangazwa kwa mbwembwe hutolewa kwa sababu mkeka mrefu ndio bidhaa yenye faida nono.

Swali linaloulizwa sana hapa: mechi moja ikiahirishwa je? Machi 8, 2025 Dabi ya Kariakoo kati ya Yanga na Simba iliahirishwa siku yenyewe, ikaja kuchezwa Juni 25. Kwa kawaida mechi isiyochezwa ndani ya muda uliowekwa kwenye masharti ya kampuni hupewa odi 1, maana yake haiongezi wala haipunguzi, na mkeka unaendelea na zilizobaki. Malipo yanashuka, nao watu huhisi wameibiwa.

Kwa nini namba inahama

Sasa tunarudi kwa wale vijana wawili, wa 2.10 na wa 1.80. Kwanza, wa Ijumaa hana wasiwasi: odi aliyokubaliwa inabaki 2.10 hata dunia igeuke. Amenunua kwa bei ya Ijumaa.

Sababu kubwa ya kuhama ni habari. Kwenye mfano wetu, mshambuliaji tegemeo wa mwenyeji akiumia mazoezini, wapangaji wanaweza kushusha wastani wa magoli kutoka 1.6 hadi 1.35. Robo ya goli tu. Lakini uwezekano wa ushindi unashuka kutoka asilimia 49 hadi 42 na kidogo, na odi ya mwenyeji inapanda kutoka 1.90 hadi karibu 2.20. Mgeni akikosa beki wake wa kati na kipa, mambo yanageuka upande wa pili. Ndiyo maana odi huchangamka sana vikosi vinapotangazwa, takriban saa moja kabla ya mechi. Kocha akipumzisha wachezaji sita kwa ajili ya mechi ya Jumanne, namba inajua kabla ya mtangazaji kumaliza kusoma majina.

Sababu ya pili ni pesa. Kampuni ikipokea dau nyingi upande mmoja, inaweza kushusha odi ya upande huo na kupandisha ya pili ili kuvutia watu huko. Wengi wanaamini lengo ni kugawa pesa nusu kwa nusu kama kwenye ile sarafu. Mara nyingi haiwi hivyo. Mwisho wa wiki mashabiki wa Afrika Mashariki wanamwaga pesa kwa timu kubwa za Uingereza, na hakuna bei itakayowashawishi maelfu hao kuwekea timu ya mkiani. Kampuni inavumilia kuelemewa, kwa sababu inaamini bei yake na ina mechi mamia ya kufidia.

Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba pesa hazina uzito sawa. Dau dogodogo elfu kumi za mashabiki zinaweza zisiisogeze namba, lakini dau moja la mtu anayejulikana kwa kupatia mara kwa mara likaisogeza dakika hiyohiyo. Kampuni inamchukulia kama mjumbe wa habari: huyu ameona kitu ambacho sisi hatujakiona. Soko kubwa la kimataifa likihama, kampuni ndogo zinafuata bila kuuliza, maana anayebaki na bei ya zamani atavamiwa.

Kwa hiyo kushuka kutoka 2.10 hadi 1.80 kunasema jambo moja: kati ya Ijumaa na Jumamosi, wenye habari na wenye pesa wameona mwenyeji ana nafasi kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Hakusemi atashinda. Hata kwa odi 1.80, ukitoa cha juu, anakosa ushindi karibu mara moja katika kila mara mbili.

Je, mechi za kupangwa hazipo? Zipo, na wapo wachezaji na waamuzi waliofungiwa duniani. Odi kusogea isivyo kawaida ni moja ya dalili ambazo UEFA na FIFA hufuatilia. Lakini odi nyingi mno husogea kila siku kwa majeruhi na vikosi. Na yule anayekuuzia "mechi ya uhakika" kwa elfu ishirini kwenye WhatsApp, jiulize kwa nini hatumii siri hiyo mwenyewe. Mbinu yao ni ya zamani: nusu ya wateja wanatumiwa 1, nusu wanatumiwa 2, na waliopatia wanaombwa pesa zaidi wiki inayofuata.

Wapo pia wanaodai kampuni hazikosei. Msimu wa 2015/16 ulianza kampuni kubwa za Uingereza zikitoa 5,000 kwa 1 kwamba Leicester City watakuwa mabingwa; kwa uandishi wetu ni odi 5001. Maana yake ni kwamba jambo hilo hutokea mara moja katika misimu elfu tano. Ligi ya Uingereza ilianza 1888. Hakuna aliye na misimu elfu tano ya kupimia. Mei 2, 2016 Chelsea walitoka 2-2 na Tottenham, waliokuwa wakiifukuzia Leicester kileleni, na vijana wa kocha Claudio Ranieri wakawa mabingwa wakiwa nyumbani mbele ya runinga. Kampuni zililipa mamilioni ya pauni. Baadhi ya wateja walikuwa wameshaiuzia kampuni tiketi zao mapema kwa kiasi kidogo kuliko walichostahili, kwa hofu, kwa sababu bei ya kuuza mapema nayo hupangwa na kampuni, na nayo ina cha juu chake.

Wakati mpira unachezwa

Odi za mubashara zinafuata hesabu ileile, ila saa inahesabiwa. Mechi yetu ilianza na ova 2.5 kwenye asilimia 51. Ikifika mapumziko 0-0, muda uliobaki una wastani wa kama goli moja na nusu, kwa kuwa kipindi cha pili huwa na magoli zaidi. Uwezekano wa magoli matatu umebaki asilimia 19, na odi ya haki imeruka hadi zaidi ya 5. Hakuna aliyebonyeza kitufe kwa hila.

Kile kikufuli kinachotokea ghafla kwenye skrini maana yake ni kwamba uwanjani kuna hatari: penalti, kadi nyekundu, VAR (waamuzi wa video). Wakusanya takwimu walioko uwanjani hutuma tukio kwa sekunde chache, wakati picha yako ya runinga au ya simu inakuja nyuma. Kampuni inafunga soko ili usinunue goli ambalo limeshafungwa. Unayeona "nafasi ya wazi" kwenye simu unaiona baada yao.

Basi inawezekana kuzishinda kampuni? Mwaka 2017 watafiti Lisandro Kaunitz, Shenjun Zhong na Javier Kreiner walichapisha jaribio lao. Hawakujaribu kuujua mpira kuliko kampuni. Walichukua wastani wa odi za kampuni nyingi, wakauchukulia kuwa ndio makisio bora ya uwezekano, kisha wakabeti pale tu kampuni moja ilipotoa bei kubwa kuliko ilivyostahili, kama mtu anayezunguka soko zima akitafuta kibanda kilichosahau kupandisha bei. Waliijaribu njia hiyo kwenye kumbukumbu za miaka kumi, ikaleta faida. Wakaingia na pesa halisi kwa miezi mitano, wakapata faida tena. Ndipo kampuni zikaanza kuzibana akaunti zao: dau likapunguzwa, baadhi ya mikeka ikahitaji kukaguliwa kwanza, na wakalazimika kuacha.